Mgonjwa wa Kumi

Ato Bentsil alikuwa na bunduki ishirini na tatu, na hakuna hata moja iliyowahi kumtisha mjusi. Zote zilikuwa kuukuu. Kulikuwa na za gumegume na za fataki, kulikuwa na yenye mdomo mpana kama tarumbeta, na yenye mitutu minne iliyobanana kama vidole vya mkono uliovimba, na moja fupi mno ambayo mkewe, Efua Atta, aliibatiza Njiti. Zilitundikwa sebuleni kuanzia mlango wa jikoni hadi mlango wa chumba cha kulala, na chini ya kila moja kijikaratasi: imetoka kwa nani, mwaka gani, imefuliwa nchi gani. Mara moja kwa mwaka askari alikuja kutoka Mankessim kuzihesabu. Alihesabu, akala fufu kwa supu ya mawese, akatia sahihi, akaenda zake akicheka peke yake barabarani.

"Wenzangu waume zao wana vimada," Efua Atta alizoea kuwaambia wageni. "Mimi wangu anao ishirini na tatu, na hakuna hata mmoja anayejua kupika."

"Wala hawasemi ovyo," Ato alijibu kutoka kitini kwake. "Hilo nalo uliweke kwenye hesabu."

Ato alikuwa karani wa posta miaka thelathini, na kazi ya kusoma miandiko ya watu ilimwachia macho ya ajabu. Herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma zama za babu wa babu, zikafunikwa na kutu na jasho na moshi wa jikoni, yeye alizisoma kama unavyosoma bango. Angekwambia hii ni ya Waingereza, hii ni ya Wabelgiji wamewaigiza Waingereza, na hii ni ya fundi wetu wa Assin kawaigiza wote wawili na kuwapita.

Pale Kwansakrom na vijiji vya jirani, karibu kila nyumba ya ukoo ilikuwa na gobori lake juu ya kitanda cha bibi. Lilishushwa siku ya msiba, likalishwa baruti tupu bila risasi, likakohoa mara moja angani kumuaga marehemu, likarudishwa msumarini. Ato alikuwa na namna yake ya kuyapata. Alifika kwa baiskeli, akasalimia, akaomba kumsalimia na mzee wa msumarini. Akipewa, alimlaza mapajani, akatoa sarafu ya sedi moja, akagonga mtutu polepole toka nyuma kwenda mbele huku kafumba macho na kuutegea sikio. Kisha alitikisa kichwa.

"Vipi tena, Mzee Ato?"

"Huyu ana kifua, mama."

"Kifua?"

"Kifua kibaya. Siku mtakayomshindilia baruti atampasukia mtu usoni. Mimi sitaki kusema mengi. Kuna bwana mmoja kule Assin, mpaka leo anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo."

Huyo bwana wa Assin hakuwako. Lakini wiki ile ile Ato alirudi na chupa ya jini na makopo manne ya samaki, na akaondoka na mgonjwa kafungwa kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi. Kati ya wale ishirini na tatu, tisa walipatikana hivyo, na wote tisa walikuwa na afya kumshinda yeye mwenyewe. Alijiambia kwamba anawaokoa. Angewaacha, kesho vijana wangeukata mtutu wapate bomba la kupitishia maji, na mhunzi angefanya jembe. Ilikuwa nusu kweli. Nusu nyingine hakuwa akiigusa, na usingizi wake ulikuwa mzuri tu.

Bunduki aliyoitamani kuliko zote hakuipata kwa sarafu wala sikio, kwa sababu mwenyewe alimjua mno. Ilikuwa ya Supi Kobina Ewusi, mkuu wa Kikosi Namba Mbili, kimoja cha vikosi viwili vya jadi vya mji, aliyekaa naye dawati moja shule ya msingi na kumwibia maembe yake miaka sita mfululizo. Bunduki ile ilikuwa na mtutu mmoja na mitambo miwili, mmoja mbele ya mwenzake. Zamani ilishindiliwa mizigo miwili ya baruti na risasi kwa kufuatana. Ukafyatua wa mbele kwanza, halafu wa nyuma, na adui aliyedhani umekwisha akashangaa akiwa chini. Mtambo wa mbele ulishakufa, na tundu lake la moto mhunzi wa kale aliliziba kwa msumari. Ato alikuwa na kitabu kimoja cha picha za bunduki, alikiokota katika rundo la vitabu vikuukuu pale Kumasi, kurasa nusu zimeliwa na mchwa. Ukurasa wa bunduki ya mitambo miwili ulisalimika. Kitabu kilisema zilizobaki duniani ni chache mno.

"Nikifa, chukua," Supi alimwambia, na akayasema hayo mbele ya watu. "Kwa sasa acha kuitazama kama mke wa mtu."

Basi mwaka mmoja, kabla ya sikukuu ya vikosi, Supi aliileta isafishwe. Ato alifunga mlango, akafungua skrubu, akauvua mtutu mbao yake. Huenda ilikuwa mara ya kwanza chuma kile kuonana na mwanga tangu Waingereza wafike. Upande wa chini, kuanzia pale penye msumari kurudi nyuma, aliona mstari. Akaupaka mafuta, akaupangusa ukakauka kabisa, akangoja. Baada ya muda mafuta yakajitokeza tena yenyewe, kidogokidogo, yakachora uzi mweusi wenye urefu wa kidole. Ufa. Chuma kilikuwa kimepasuka kwa ndani, na mbao ndiyo iliyokuwa ikikifichia siri.

Aliushika mtutu ule kwa muda mrefu. Akimwambia Supi, siku hiyo hiyo Supi angeupeleka kwa mhunzi Yaw Donkor, naye angeutia moto wa gesi, akamwagia chuma kipya, akapiga tupa. Herufi zingeyeyuka. Rangi ile ya kahawia iliyochukua miaka mia mbili kuiva ingeungua kwa dakika tano. Na kitabu kilisema wazi: bunduki ya kale ikishaungwa kwa moto, ni chuma chakavu.

Akaurudisha mtutu kwenye mbao, akakaza skrubu.

"Vipi mgonjwa?" Supi aliuliza alipokuja kuichukua.

"Safi kama yai."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Ato kuisifu afya ya bunduki ya mtu, na siku hiyo pia alidanganya.

Miaka kumi na mmoja ikapita. Supi aliibeba begani kila sikukuu, akacheza nayo, akaielekeza kwa Kikosi Namba Moja wakatukanana vizuri, akairudisha ndani. Kuifyatua hakuifyatua. Kwa hiyo Ato alitulia. Alikuwa amefikiria kifo cha Supi mara nyingi, Mungu amsamehe, lakini hakuwahi kufikiria mazishi yake.

* * *

Supi alifariki mwezi wa upepo mkavu, midomo ya watu imepasuka na vumbi limekaa juu ya kila kitu hadi juu ya ulimi. Alhamisi mchana Ato alikwenda nyumba ya msiba. Mwili ulikuwa bado kwenye barafu ya mochari, Mankessim. Kitandani walikuwa wamelaza picha ya marehemu, kofia yake ya kikosi, na bunduki, imevingirishwa bafta nyeupe iliyolowa kinywaji na kufungwa mafundo matatu.

Ato aliona mafundo yale, akaelewa. Bunduki ya mkuu wa kikosi lazima iseme mara moja siku ya kuzikwa mwenyewe, mkononi mwa mwanawe wa kwanza. Na ikishamwagiwa kinywaji na kufungwa, bafta haifunguliwi mpaka dakika ya kuishindilia, na hakuna mkono wa mtu unaoichomoa hata skrubu mpaka iwe imesema.

Mwana wa kwanza alikuwa Ekow, mwalimu wa hesabu kule Tema, mrefu, mpole, mwenye miwani minene kama vitako vya chupa.

"Baba mdogo, Jumamosi jioni njoo na baiskeli yako," Ekow alimwambia. "Baba ameacha neno. Ikishasema tu, nakukabidhi."

"Utaweka vipimo vingapi vya baruti?"

"Vitatu."

"Vitatu! Ekow, kawaida ni kimoja."

"Namba Moja walipomzika wa kwao waliweka viwili. Unataka baba yangu aondoke kwa sauti ya chini kuliko yule mlevi?"

Ato alimshika mkono. "Mwanangu, sikiliza. Bunduki hii inaumwa."

Ekow alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka hata akavua miwani na kufuta macho, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu afike msibani.

"Ina kifua?"

"Ekow..."

"Baba mdogo, shangazi Baaba ulimwambia yake ina kifua. Mjane wa Tawiah ulimwambia ina kifua. Hapa mjini mtu akikohoa wanasema mpelekeni kwa Ato, atamnunua! Unaogopa nitakukwaruzia mali yako, si ndiyo? Sema tu, hatugombani."

"Chini ya mbao kuna ufa."

"Nionyeshe."

Ato aliyatazama yale mafundo matatu.

"Basi," Ekow alisema kwa upole, na akavaa miwani yake. "Ahsante kwa kunichekesha. Nilihitaji."

* * *

Efua Atta alikuwa akikuna nazi aliposikia habari yote, ya ufa, ya mafuta, ya miaka kumi na mmoja. Alikuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akaendelea kukikuna.

"Umeshamwambia?" akauliza mwishoni.

"Nimemwambia. Hakuniamini."

"Umemwambia mara moja ukaona umemaliza kazi, ukaja nyumbani kula."

"Nifanye nini? Nimfunge kamba?"

"Wewe ukiniambia mvua inakuja, mimi naanua nguo," Efua Atta alisema. "Nakuamini kabisa. Unajua kwa nini? Kwa sababu mvua huwezi kuinunua."

Siku zote maneno ya mkewe yalimpata yakampita. Haya yalimpata yakakaa. Ijumaa nzima alishinda sebuleni, amekaa na kuinuka, anasoma vijikaratasi kimoja kimoja kana kwamba vimeandikwa na mtu mwingine. Ufa wa chuma alijua kuupima. Ule mwingine, ule unaoingia kwenye neno la mtu akishalitumia vibaya mara tisa, hakuna mafuta ya kuuonyesha, ila watu wote wanauona.

Alifikiri kwenda polisi. Wangecheka, tena huenda wangezichukua zote. Alifikiri kuiiba. Nyumba ya msiba ina watu mia mbili wasiolala. Alifikiri kukaa kimya, na hilo ndilo alilolifikiria kwa muda mrefu zaidi, maana pengine mtutu ungevumilia. Vyuma vingine huvumilia. Halafu akamwona Ekow na miwani yake, kaegemeza shavu kwenye mbao, na kila alipojaribu kuendelea kuona kitakachofuata, alijikuta amesimama katikati ya chumba.

Jumamosi asubuhi aliazima mkokoteni wa muuza maji, akaupakia.

* * *

Uwanja wa msiba ulikuwa mwekundu na mweusi kwa nguo za watu. Jeneza lilikuwa chini ya turubai, bendera za kikosi zimelizunguka, ngoma zinaongea. Mkokoteni ulivyoingia unapiga kelele, gurudumu moja halina mafuta, ngoma zikafifia moja moja ili watu wapate kusikia vizuri kinachokuja.

"Ato kaleta wake wenza!" mtu akapiga kelele, na uwanja ukaangua kicheko.

Ato hakucheka. Alitandika mkeka mbele ya kiti cha Bi Baaba, dada mkubwa wa Supi, mkuu wa wanawake wa ukoo, aliyekuwa na miaka themanini na miwili na meno yake yote. Akashusha bunduki tisa, akazipanga.

"Hizi nini?" Bi Baaba akauliza.

"Hii ya kwanza ni yako."

"Naijua. Ilikuwa na kifua."

"Haikuwa na kifua. Ilikuwa nzima. Ni nzima mpaka leo." Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Hii ni ya Tawiah. Nzima. Hii ya wale wa kwa Baiden. Nzima. Zote tisa nilisema zinaumwa, na zote nilidanganya, nikawapa jini na samaki wa kopo. Nimezirudisha."

Uwanja mzima ukavuta pumzi. Mjane wa Tawiah akasimama ili aone vizuri. "Na yule mtu wa Assin?" akauliza. "Wa uji?"

"Hayupo."

"Mimi namwombea kila Jumapili!"

Watu wakacheka tena, lakini Bi Baaba aliinua kidole kimoja na kicheko kikakatika.

"Bentsil, leo ni mazishi ya ndugu yangu. Kuungama kwako kungengoja."

"Hakungoji, dada. Bunduki ya Supi inaumwa kweli. Ina ufa chini ya mbao, urefu wa kidole hiki. Ekow akiishindilia vipimo vitatu itampasukia usoni. Nimesema uongo mara tisa na kila mara niliondoka na bunduki. Leo ninaondoka bila hata moja. Na hiyo siitaki tena. Mpeni mtu mwingine. Nitasema nini zaidi ndipo mniamini?"

Ekow alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha shangazi yake, bunduki mkononi ndani ya bafta yake. Hakuwa akicheka sasa.

"Umejua lini?" Bi Baaba akauliza.

Swali hilo Ato alilitegemea, na aliomba njia nzima lisije.

"Miaka kumi na mmoja."

"Ndugu yangu ameibeba begani sikukuu kumi na moja."

"Kubeba tu. Hakuifyatua."

"Angetaka kuifyatua?"

Ato aliisogeza bunduki ya Tawiah ikae sawa kwenye mkeka.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeipeleka kwa Yaw Donkor. Angeitia moto."

"Halafu?"

"Halafu ingekuwa..." Alitafuta neno. Nyumbani, mbele ya kitabu chake, neno lilikuwapo na lilikuwa na maana. Hapa, mbele ya jeneza, lilimtoka kama kitu alichokiokota njiani. "Ingekuwa kama nyingine tu. Isingekuwa na thamani."

Mahali fulani mtoto aliuliza mama yake kwa nini yule babu analia, na mama akamfinya.

Bi Baaba alikaa na jambo lile mdomoni kama mtu anayetafuna samaki akiogopa miiba. "Basi wewe ulimpenda ndugu yangu," akasema hatimaye, "ila chuma chake ulikipenda kidogo zaidi." Akageuka kwa Ekow. "Bunduki lazima iseme. Baba yako hataondoka kimya. Ila mkono wako hautakuwapo. Ifungeni kwenye gogo kule shimoni walikochimba udongo wa barabara, kamba ndefu. Na atakayeishindilia ni huyu Bentsil. Atakayevuta kamba ni yeye."

"Vipimo vingapi, shangazi?"

"Vile vile. Vitatu."

* * *

Wanaume walifungua bafta, wakalifunga lile gobori kwenye gogo kubwa la mvule lililoanguka zamani shimoni, kamba ya mbuzi ikapitishwa kwenye kifyatulio, ikanyooshwa hatua arobaini mpaka nyuma ya kifusi. Watu wakarudi ukingoni, wakajipanga. Ato akabaki peke yake na bunduki.

Alipiga magoti. Walimpa pembe ya baruti na mdeki. Upepo mkavu ulikuwa umetulia na jua lilikuwa nyuma ya vumbi, jeupe kama sahani. Alimimina kipimo cha kwanza. Alikata majani makavu ya mgomba, akayasokota, akayasukuma kwa mdeki mpaka chini.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi. Kipimo kimoja, ufa ungeweza kukivumilia. Alijua hivyo, mikono yake ilijua. Hakuna mtu karibu wa kuhesabu. Angejaza majani mengi, akamwaga baruti iliyobaki kwenye mchanga chini ya goti lake, akavuta kamba. Ingekohoa kikohozi cha kawaida. Wangemwita mwongo kwa mara ya kumi, na wangekuwa wameshamzoea. Ekow angebaki na uso wake. Na bunduki ingebaki nzima, na Ekow, kwa kuwa ana heshima na neno la baba yake, bado angesema: chukua. Hakuna ambaye angepoteza kitu. Alitafuta mtu ambaye angepoteza kitu, akatafuta vizuri, kwa haki kabisa, na akampata mmoja tu: yule aliyekuwa ndani ya sanduku, aliyeahidiwa sauti.

Aliufuta mtutu kwa ncha ya nguo yake. Zile herufi zilikuwa pale, ndogo, zimetulia. Akazisoma mara moja.

Kisha akamimina cha pili, akamimina cha tatu, na akakishindilia kwa nguvu zake zote za uzee, hata mdeki ukalia.

Nyuma ya kifusi alishika kamba kwa mikono miwili. Ukingoni ngoma zilianza tena, polepole. Akavuta.

Sauti iliyotoka haikuwa ya bunduki. Ilikuwa kama mlango wa dunia uliofungwa kwa hasira. Kunguru wote wa Kwansakrom waliruka kwa pamoja, mbuzi wakakata kamba, na huko sokoni, walisimulia baadaye, mwanamke aliangusha beseni zima la dokono, yale madonge ya unga wa mahindi, akaanza kuomba dua. Moshi uliposogea, mtutu haukuwapo. Kikosi kizima kilipaza sauti, wanawake wakapiga vigelegele, mzee mmoja wa Namba Moja alivua kofia bila kutaka. Supi alikuwa amesikika mpaka Mankessim.

Ato hakushangilia. Alishuka, na Ekow akamfuata. Gogo lilikuwa limechanika. Mbao ya bunduki ilikuwa vibanzi. Mitambo yote miwili ilirushwa mbali na hakuna aliyeiona ilikoangukia. Kipande cha chuma chenye urefu wa kidole kilikuwa kimejipigilia ndani ya kigogo cha tawi lililobaki wima karibu na pale kitako kilipokuwa, na kilikuwa bado cha moto.

Ekow, mwalimu wa hesabu, alisimama nyuma ya gogo. Aliinua mikono mitupu kana kwamba anailenga bunduki, akainamisha shavu, akapima kwa jicho. Kipande kile kilikuwa mbele ya kioo cha kulia cha miwani yake sawasawa.

"Kumi na mmoja," akasema bila kugeuka.

"Kumi na mmoja," Ato akajibu.

Ekow alishusha mikono. "Twende tukazike. Wewe utatembea nyuma, si pamoja na wazee."

"Sawa, mwanangu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jeneza lilitangulia na bendera, likafuatiwa na ukoo, halafu wazee wa vikosi vyote viwili, halafu wanawake, halafu bendi. Nyuma kabisa, pamoja na watoto na waliochelewa na mbwa wawili, alitembea Ato Bentsil na mikono yake mitupu, anameza vumbi la mji mzima. Baada ya hatua mia Efua Atta, ambaye nafasi yake ilikuwa mbele kule na wanawake wa kikosi, alianza kulegeza mwendo, mara kaweka ndala sawa, mara kajifunga nguo upya, mpaka akajikuta yuko ubavuni mwa mumewe. Hawakutazamana.

Kabla ya kufika makaburini, mzee mmoja mfupi wa kijiji cha pili alijisogeza karibu nao. Aliitwa Kwesi Abakah, na alijulikana kwa uchoyo wake wa maneno.

"Bentsil," akasema. "Nina bunduki nyumbani. Tunamzika dada yangu mwezi ujao. Ungekuja kuitazama."

Ato alidhani anachekwa. Aliutazama uso wa yule mzee asione kicheko.

"Nitakuja. Itabidi tuivue mbao yake, siyo kugonga kwa sarafu."

"Tutaivua. Utaniambia kweli?"

"Nitakwambia."

Wakatembea kidogo. Huko mbele bendi ilikuwa imeshika wimbo wa kanisa na kuuharibu.

"Na ukiipenda?" Kwesi Abakah akauliza.

Ato alilifikiria hilo kwa uaminifu, maana alijijua, na alijua kwamba huenda ikawa nzuri sana.

"Nikiipenda," akasema, "usiniuzie."